UFUGAJI BORA: Ng'ombe Akondaye Baada ya Kuzaa

Mkulima wa Bungoma akipata fedha za mahindi au za miwa, pengine huenda Kitale kutafuta mtamba wa gredi, Friesian au Ayrshire, kwa maana Trans Nzoia inajulikana tangu zamani kwa ng'ombe wa maziwa. Humleta nyumbani kwa njia ya Kiminini na Kamukuywa, humtunza vizuri, na mtamba huzaa salama. Ndipo mashaka huanza. Baada ya majuma machache maziwa yanajaa ndoo, lakini mbavu za ng'ombe zinahesabika. Jirani mmoja husema ametupiwa jicho baya. Wa pili husema mwenye kumuuza alikuwa mlaghai. Wa tatu huleta mchinjaji. Hivyo ng'ombe mwema huuzwa kwa bei ya nyama, na karo ya watoto hupotea pamoja naye.

Yafaa kila mfugaji afahamu sababu ya kukonda huko. Chini ya ubongo wa ng'ombe pana tezi ndogo iitwayo pituitari, nayo hutoa homoni ya ukuaji. Katika ndama, homoni hii husaidia mifupa na nyama kukua. Katika ng'ombe anayekamwa ina kazi nyingine kubwa: huelekeza chakula kiende kiweleni badala ya kuwekwa kuwa mafuta ya mwili.

Mafuta ya mwili ni kama mahindi ghalani. Chakula kikiwa tele, homoni nyingine iitwayo insulini huamuru ghala lijazwe na mlango ufungwe. Ng'ombe akisha kuzaa, insulini hupungua na homoni ya ukuaji huongezeka. Hii huzuia mafuta mapya yasiwekwe, tena chakula kikipungua huyafanya mafuta ya zamani yavunjike kwa wepesi. Hapo hutoka asidi za mafuta, zikachukuliwa na damu: baadhi huwapa misuli nguvu, na baadhi huingia kiweleni zikawa mafuta ya maziwa. Maziwa hufika kilele kati ya juma la 6 na la 8 baada ya kuzaa, lakini hamu ya kula huchelewa nyuma yake. Kwa hiyo ng'ombe huyo hakulogwa. Anatumia akiba yake mwenyewe.

Lakini kila jambo lina kiasi. Asidi za mafuta zikifika kwa wingi mno, ini haliwezi kuziteketeza zote. Baadhi hubaki humo na kulijaza mafuta. Nyingine hugeuka kuwa ketoni, na ng'ombe hupatwa na ugonjwa uitwao ketosisi. Dalili zake ni kukataa chakula cha nafaka, kupungua maziwa ghafula, mavi makavu, na pumzi yenye harufu tamu isiyo ya kawaida. Hapo asiitwe mganga wala mchinjaji, bali daktari wa mifugo, naye huweza kumtia sukari ya glukosi katika mshipa.

Nguvu ya homoni hii ilijulikana mwaka 1937, Asimov na Krouze wa Urusi walipotangaza kwamba ng'ombe waliodungwa maji ya tezi hiyo waliongeza maziwa. Mwaka 1993 Marekani iliruhusu homoni iliyotengenezwa na wataalamu kutumiwa kwa ng'ombe wa maziwa. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku. Lakini hata penye sindano hiyo, ng'ombe asiyelishwa vizuri hana cha kugeuza kuwa maziwa.

Basi mfugaji afanye hivi. Aache kumkama ng'ombe siku 60 kabla ya kuzaa. Asimnenepeshe kupita kiasi wakati huo, kwani aliyenona mno ndiye apatwaye upesi na ketosisi. Majuma 2 au 3 kabla ya kuzaa aanze kumzoesha nafaka kidogo kidogo. Akisha kuzaa, apewe majani mabichi ya napia au nyasi nzuri za Rhodes, maji tele, na nafaka kwa kadiri ya maziwa yake.

Wazee walisema akiba haiozi. Ni kweli, lakini ghala linalotolewa kila siku bila kujazwa halina budi kwisha, na mwenye kulijaza ni mfugaji mwenyewe.