Mama, Ndoo na Kanuni ya Kazi

Wadau, leo tuache siasa kidogo, turudi darasani. Mnakumbuka fizikia ya sekondari? Kazi ni kani mara umbali. Tuliikariri kwa Kiingereza, tukaijibu kwenye mtihani, tukaiacha hapo hapo.

Hebu tuipeleke Mwamanyili, kata ya Busega mkoani Simiyu, ambayo kabla ya 2012 ilikuwa Magu, Mwanza. Chukua mama anayevuta maji kwenye kisima cha mita 10. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kama nyutoni 200. Zidisha kwa mita 10, unapata jouli 2,000. Hiyo ndiyo kazi. Akiivuta kwa sekunde 20, anatoa wati 100, sawa na ile balbu ya zamani. Hiyo ndiyo pawa, yaani kasi ya kufanya kazi.

Sasa anajitwisha ndoo na kutembea kilomita mbili kwenye njia tambarare. Kitabu kinasema kazi aliyoifanyia ndoo kupambana na uzito wake ni sifuri, kwa sababu ndoo haikupanda. Sifuri! Mwambie hivyo mama huyo uone atakavyokuangalia. Kitabu hakijakosea, maana kinapima ndoo. Hakipimi misuli inayokaza njia nzima, wala ugali unaoungua mwilini ili shingo isimame.

Twende mbele. Unit moja ya umeme, ile tunayonunua kwa simu, ni jouli milioni 3.6. Gawa kwa 2,000, unapata ndoo 1,800. Mama akivuta ndoo tano kila siku, hizo ni siku 360. Yaani mwaka mzima wa kuvuta maji ni unit moja! Tuseme pampu inapoteza nusu ya nishati, basi ni unit mbili, ambazo hazifiki hata shilingi elfu moja.

Najua mtasema pampu yenyewe ni ghali, mabomba ni ghali, na fundi naye anataka chake. Ni kweli kabisa. Lakini sasa angalau tunajua gharama iko wapi. Haiko kwenye nishati. Iko kwenye vifaa na matengenezo, na hayo ni mambo ya bajeti na maamuzi ya watu. Ghali kuliko vyote ni saa za yule mama na binti yake anayechelewa namba shuleni, na saa hizo hakuna anayeziandika popote.

Ndiyo maana nasema tunaifundisha fizikia vibaya. Tunampa mtoto wa Mwamanyili tofali linaloteleza kwenye sakafu isiyo na msuguano, sakafu ambayo hajawahi kuiona, tena kwa lugha ambayo ndiyo kwanza anajifunza. Kisima kiko pale pale nyuma ya shule! Mpe ndoo, kamba na saa, mwache apige hesabu kwa Kiswahili. Akifika kwenye ile unit moja, hatauliza tena fizikia ina faida gani. Atamuuliza diwani wake kwa nini mama bado anavuta kamba.

Labda swali hilo ndilo tunaloliogopa.

Nawasilisha.