Risala ya wapasua mbao, mafundi na wakulima wa Moshi kuhusu gesi ya kuni

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mgeni Rasmi,

Sisi wapasua mbao, mafundi wa kuchomelea na wakulima wa vihamba kutoka Marangu, Kibosho, Machame na hapa mjini tunalo jambo moja: kuni zinazoteketea bure.

Mheshimiwa, nyuma ya karakana zetu za mbao kuna malundo ya mabanzi na maranda. Mengi tunayachoma tu ili kupata nafasi. Huko juu, mlimani Kilimanjaro, mama anatafuta kuni pembezoni mwa ukanda wa msitu wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wananchi na kuingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Hatupingi msitu kulindwa. Maji ya mifongo yetu, yaani mifereji ya kumwagilia, yanatoka humo. Kinachotuuma ni nishati iliyopo huku chini kugeuzwa majivu.

Kuni kavu zikiunguzwa ndani ya tanuri lenye hewa kidogo hutoa gesi inayowaka, hasa kaboni monoksaidi na haidrojeni. Ikipozwa na kuchujwa vizuri inaendesha jenereta. Kilo 1 hadi 1.5 ya kuni kavu hutoa takriban uniti 1 ya umeme, na joto la injini linaweza kukausha mbao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili magari mengi Ulaya yalitembea kwa gesi hii. Hapa kwetu, kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, kinajizalishia umeme kwa mabaki ya miwa.

Hatari zake tunazijua. Kuni mbichi huleta lami nyeusi inayonata kwenye vali hadi injini ikwame. Kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua. Ndiyo maana hatutaki kujaribu kwa kificho.

Lakini tukibisha hodi maofisini tunajibiwa kwamba kuni ni nishati chafu, basi. Mkakati wa Taifa wa 2024–2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Tunauunga mkono kwa moyo wote. Tunachodai ni mtambo wa gesi ya kuni upimwe kwanza, ndipo uhukumiwe.

Kwa hiyo tunaomba mtambo mmoja wa majaribio ujengwe Moshi chini ya SIDO na VETA, na moshi wake upimwe hadharani. Mitambo ya chini ya megawati 1 haihitaji leseni ya kuzalisha umeme. Basi halmashauri itueleze kwa Kiswahili chepesi taratibu nyingine zinazobaki, pamoja na namna ya kuuza ziada. Nasi tunaahidi kutumia mabaki tu. Atakayekata mti kulisha mtambo, afungiwe.

Mheshimiwa, tunaomba jibu la maandishi kabla ya masika, maana mabanzi yakishalowa hayafai kwa kazi hii.