Kigoda cha Mtemi si Pambo la Sebule

Wapo wenzetu, Shinyanga mjini na katika miji inayokua kwa dhahabu ya Geita, ambao wakimaliza kujenga nyumba hutafuta vitu vya kale vya kuipambia: kigoda cha mtemi kando ya makochi, jembe la kufuliwa ukutani, mlango wa nakshi barazani. Hujiita wapenzi wa utamaduni. Sisi twawapinga.

Tuwatendee haki kwanza. Kutumia tena mbao kuukuu si kosa. Mlango wa mninga uliotolewa katika duka lililobomolewa, ukapigwa randa na kutiwa bawaba mpya, ni mali iliyookolewa. Katika mkoa ambao miti yake ilifyekwa hata mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ukaanzishwa mwaka 1986 na ngitili zikarudishwa, anayeokoa ubao asilaumiwe.

Lakini kigoda cha mtemi si ubao. Kilikuwa alama ya utawala, chenye mwenyewe na mahali pake ikulu, pamoja na ngoma za utemi. Mwaka 1963, mamlaka ya watemi yalipofutwa, vyombo hivyo vilikosa kazi, na mnunuzi wa leo hudai kwamba aliviokoa na mchwa. Pengine ni kweli. Basi na atujibu: ni cha utemi upi? Nani alikichonga? Aliyemwuzia alikipata wapi, na kwa idhini ya ukoo gani? Hajui. Amenunua mti, historia ameiacha njiani.

Twalalamika, tena kwa haki, kwamba kiti cha enzi cha Kinyamwezi kimo katika makumbusho ya Berlin. Hata hivyo kile kimeandikwa daftarini. Hiki cha sebuleni hakina hata mstari mmoja.

Na jembe je? Warongo wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali na kutolewa mahari. Yeyote anayefundisha kwamba ujuzi wa madini uliletwa Geita na wageni, jembe lile ndilo shahidi wa kumkanusha. Likitundikwa ukutani bila jina la kijiji wala la mhunzi, shahidi amezibwa mdomo.

Kuhusu milango, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda ile ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Wauzaji wangapi wameisoma?

Mfano mwema hauko mbali. Bujora, huko Kisesa karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, jengo la watemi lenyewe limepewa umbo la kigoda. Humo mtoto wa shule huingia na kuuliza. Sebuleni kwa tajiri ataingia nani?

Anayependa umbo la kigoda amwendee mchongaji, achongewe kipya, na fedha ibaki kijijini. Aliye nacho cha kale amwite mwalimu wa historia, naye awatume wanafunzi na madaftari kwa wazee. Wasikawie: kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1963 sasa amepita miaka 80.