Tupande Asumini Shuleni

Wenzangu hunicheka nikimwagilia asumini mbele ya bweni, wakisema kuwa maua hayajazi tumbo. Ni kweli, hayajazi. Lakini mmea huu hauombi mengi: kipande cha tawi kikichomekwa penye unyevu huota mizizi, kisha hutaka jua, maji kidogo, na kupunguzwa matawi usije ukatambaa ovyo. Majani yake ni mabichi mwaka mzima. Maua huchanua usiku, tunapodurusu, na harufu huingia madirishani. Kwetu pwani mama zetu huyatia katika vikuba. Mimi nitamaliza masomo na kuondoka, asumini itabaki. Je, ndugu msomaji, wewe utaiachia shule nini? Anayenicheka na aje jioni, nimpe tawi apande lake.