Likizo Chuoni: Faida Ipo, Lakini si Ile Tunayoambiwa

Wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi nilichelewa kuuliza, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Likizo ya Aprili palizuka gumzo hapa Marafa. Kijana mmoja alipita sokoni akigawa karatasi za kambi ya likizo: wiki nzima kulala na kusoma ndani ya chuo kikuu. Ati mtoto akishakwenda huko chuo kitamjua, na wakati wa kuingia hatapata taabu. Mama alirudi nyumbani ameshaamua. "Mwanangu, tumuuze yule mbuzi wa mabaka, ukajulikane." Mbuzi huyo ndiye pesa zangu za chakula cha mchana shuleni. Sitawaficha, nilifurahi.

Kabla mbuzi hajauzwa nilimwendea mwalimu wetu wa ushauri. Alinieleza kuwa hapa Kenya wanaopanga wanafunzi vyuoni kwa ufadhili wa serikali ni KUCCPS, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ikachukua kazi ya bodi ya zamani, JAB. Wao hutazama gredi ya KCSE, pamoja na alama za masomo manne yanayohusu kozi uliyoomba. Shahada yataka C+ kwenda juu. Hakuna mahali pa kujaza kwamba ulilala chuoni wiki moja! Huko Marekani vyuo vingi husoma insha ya mwombaji na barua za walimu wake, hivyo kambi huweza kupata pa kutajwa. Kwetu haiongezi hata pointi moja. Mbuzi akabaki zizini.

Je, kwenda chuoni ni kazi bure? La hasha! Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema tungoje matokeo kwanza.

Likizo hiyo hiyo binamu yangu anayesoma Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi, aliniita nikatembee siku moja. Gharama ilikuwa nauli tu, Marafa hadi Malindi, Malindi hadi Kilifi. Nikaona maktaba, nikaona maabara. Kisha rafiki yake akaniuliza, "Dada, wataka kusomea nini?"

"Uhandisi wa maji," nikajibu upesi. Nani aliyebeba ndoo kichwani tangu utotoni asitake?

"Fizikia wapata ngapi?"

Nikanyamaza. Fizikia niliiacha mwisho wa kidato cha pili kwa kuwa rafiki zangu waliiacha. Kumbe uhandisi hautaki Hisabati na Kemia peke yake, na Fizikia imo! Mlango niliufunga kwa mkono wangu, bila hata kujua ni mlango. Njia nzima ya kurudi sikusema neno.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kutembelea chuo hakumwingizi mtu chuoni, bali humwonyesha njia ipitayo wapi. Na njia huulizwa kabla ya safari. Tukipelekwa tukiwa kidato cha nne, tutapiga picha turudi. Tupelekwe kidato cha pili, kabla hatujachagua masomo, siku moja tu, tuchangiane gari. Wako watakaosema tutapoteza siku ya masomo. Mimi nauliza: siku moja na miaka miwili ya kusoma masomo yasiyokufikisha uendako, ipi hasara?

Mimi nimeomba kurudi darasa la Fizikia. Nimeachwa nyuma mihula miwili, na kila jioni nanakili madaftari ya wenzangu kabla giza halijaingia. Sijui kama nitawafikia, lakini najaribu. Mbuzi aliuzwa muhula ulipofunguliwa, na chakula kikalipwa.

Ndugu zangu wa kidato cha pili, msiache somo kwa kufuata rafiki. Walimu wetu wapendwa, tunaomba hilo gari.