KINYONGA SI MWANASESERE: WAZAZI, TUSIJIDANGANYE



Ndugu wasomaji, likizo zimefika, na kama ilivyo ada watoto wetu wanarudi kutoka vichakani na mikono imejaa. Huyu kaleta panzi, yule kaleta kifaranga cha ndege, na mwingine kaja na kinyonga juu ya kijiti, huku wenzake wakipiga mayowe nyuma yake. Kisha linakuja lile swali: "Tumfuge?" Na sisi wazazi, kwa kutaka kulala mchana kwa amani, tunajibu, "Mtieni ndani ya chupa."

Tunaandika haya tukianza na aibu yetu wenyewe. Miaka michache iliyopita mtoto wetu alimwokota kinyonga kwenye ua wa nyumba hapa Kampala. Tulimpa mtungi wa kioo, tukatoboa mfuniko kwa msumari, tukaweka majani, kisosi cha maji na kipande cha mkate, tukauweka dirishani "apate jua". Siku ya tatu kinyonga akawa mweusi. Tukawaita majirani waje waone anavyobadilika rangi! Siku ya sita akafa. Mtoto akatuuliza, "Ni sisi tuliomuua?" Tukamjibu kwamba ajali yake ilikuwa imefika. Jibu la kweli lilikuwa ni ndiyo. Tulijificha nyuma ya kadari ili tusikiri uzembe wetu, na mtoto alilijua hilo.

Basi msimamo wetu ni huu, na atakayeudhika audhike: asiingizwe kinyonga katika nyumba yoyote kabla nyumba yake mwenyewe na chakula chake havijawa tayari. Asiyeweza kuviandaa amwache pale alipo kwenye ua.

"LAKINI NI MDUDU TU"

Hili ndilo jibu tunalolisikia zaidi. Kwanza, kinyonga si mdudu, ni katika jamii ya mijusi. Pili, hata angekuwa mdudu, sote tumefundishwa madrasa habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhini. Hebu tuitafakari vizuri habari hii. Kosa lake halikuwa kumpiga paka. Kosa ni kumfunga bila kumlisha. Na mtungi wetu wa kioo ulikuwa nini kama si hilo hilo?

Wala hatusemi kwamba kufuga ni haramu. Tunakumbuka vilevile yule mtoto Abu Umayr aliyekuwa na kindege chake, na Mtume (S.A.W.) akamtania na kumliwaza habari ya kindege hicho. Mtoto kuwa na kiumbe wa kumpenda ni jambo jema. Tatizo ni kufuga kwa kudhani.

NYUMBA YAKE

Kinyonga ni mnyama wa juu ya matawi, kwa hiyo nyumba yake inahitaji kimo kuliko upana wa sakafu. Kwa kinyonga mkubwa, fremu ya mbao ya upana wa sentimita 60 kila upande na kimo cha sentimita 120 inafaa. Kuta ziwe za wavu laini ili hewa ipite. Matangi ya kioo ya samaki hayafai: hewa hutuama, unyevu hukaa, na kinyonga huanza kuugua kifua. Tena hujiona mwenyewe kwenye kioo akadhani ni adui, akaishi kwa hofu mchana kutwa.

Ndani yake mwekee matawi yanayopishana, mengine ya kulala, mengine ya kusimama, yenye unene ambao mguu wake unaweza kuushika. Mwekee mmea hai kwenye chungu, kwa mfano haibiskasi, ili awe na mahali pa kujificha. Na awe peke yake! Wengine huleta wawili "wasiwe wapweke". Kinyonga hana upweke huo. Ukiwaweka wawili, watapigana, au mmoja ataacha kula kwa kumwogopa mwenzake.

Ikiwa ni jike, mtilie pia chombo kirefu cha mchanga mbichi wenye kina cha kama sentimita 30. Aina nyingi hutaga ardhini, na wapo majike wanaobeba mayai hata bila dume. Asipopata pa kuchimba, mayai humkwama tumboni akafa.

JUA NA MAJI

Kinyonga anahitaji mionzi ya jua iitwayo UVB ili mwili wake utengeneze vitamini D na uweze kutumia kalsiamu. Akiikosa, mifupa hulainika, miguu hupinda, na mwisho hashindwi kutembea tu bali hata kuurusha ulimi wake. Na hapa ndipo wengi tunapokosea: kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo. Mtungi dirishani unampa joto la kumpika, na mionzi anayoihitaji haimfikii. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta hatuna haja hata ya taa za bei kubwa za UVB wanazonunua watu wa Ulaya. Tuliweke banda nje asubuhi, nusu juani na nusu kivulini, achague mwenyewe. Banda lote juani ni kifo.

Kuhusu maji, kile kisosi hakina maana kwake, kwa sababu kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotuama. Yeye hulamba matone ya umande na mvua kwenye majani. Kwa hiyo yanyunyizieni majani asubuhi na jioni kwa chupa ya kupulizia, na mumpe muda, au mtoboe kopo tundu dogo lidondoshe tone moja moja juu ya majani. Macho yakiingia ndani, jueni ana kiu. Mkojo wake, ambao hutoka kama chokaa nyeupe, ukiwa wa rangi ya machungwa, jueni vilevile.

CHAKULA

Mkate, wali na ugali, hapana. Kinyonga hula wadudu walio hai, kwa sababu macho yake, ambayo kila moja hugeuka upande wake, hutafuta kinachosogea. Mpeni nyenje, panzi, nzi, na senene msimu wao unapofika, akishamaliza kula wenye nyumba! Kumbikumbi ni kitoweo cha siku mojamoja tu. Mdudu asiwe mkubwa kuliko nafasi iliyo kati ya macho mawili ya kinyonga. Mdogo alishwe kila siku; mkubwa anatosheka akila siku moja na kuruka moja.

Wadudu wenyewe nao walishwe kwanza, kwa siku moja hivi, sukumawiki na karoti, kwani mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Wanyunyizieni unga wa kalsiamu kabla ya kumpa. Msiokote wadudu waliopuliziwa dawa, wala msiache nyenje bandani usiku, maana humng'ata kinyonga akiwa usingizini.

"HIYO NI ANASA"

Kuna watakaosema kwamba tunawatwisha maskini gharama za kizungu. Tunauliza: mbao chakavu, wavu wa dirisha na chupa ya kupulizia ni anasa gani? Gharama kubwa hapa ni muda. Ni kuamka kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, na wapo vinyonga wanaofugwa wakaishi miaka mitano hata minane. Je, mtoto akirudi shule ya bweni, nani atatafuta panzi? Kama jibu ni "dada wa kazi", basi jibu ni hapana, msifuge.

Na jambo la sheria tusilifumbie macho. Uganda ina Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na kufuga mnyama wa porini kunahitaji kibali. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje mwaka 2016. Vinyonga karibu wote wamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara hiyo. Anayetaka kufuga kwa halali atafute kibali na kinyonga aliyezaliwa bandani, asimnunue kwa mtu wa barabarani mwenye gunia.

"AUAWE, NI MKOSI"

Wa mwisho ni wale wanaomrushia mawe. Wanasema ni mkosi, na wengine huitia dini ndani yake, kwamba tumeamrishwa kuua mijusi. Neno lililokuja katika hadithi hiyo ni wazagh, nalo huelezwa kuwa ni yule mjusi wa ukutani. Kinyonga kwa Kiarabu ni hirbaa. Tusimchukulie mmoja hukumu ya mwingine kwa uvivu wa kuuliza. Na kuamini mikosi, hilo tumekatazwa waziwazi.

Tena tunamtukana kuwa ni mnafiki, eti kwa kugeuka rangi. Ukweli ni kwamba mara nyingi habadili rangi ili kujificha. Ngozi yake hueleza hali yake: ana baridi, ana hasira, anaogopa, anaumwa. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha jinsi vijifuwele vidogo mno ndani ya ngozi yake vinavyosogeleana na kuachana na kuipindua nuru. Yule kinyonga wetu aliposimama mweusi ndani ya mtungi alikuwa anatuambia kweli yake. Sisi tukapiga makofi.

TUFANYE NINI?

Likizo hii, wapelekeni watoto kwenye ua wakati wa jioni na mumtafute kinyonga pale pale alipo. Usiku hulala juu ya tawi akiwa amepauka, na kwa kurunzi huonekana upesi. Wahesabu vidole vyake, viwili upande huu na vitatu upande ule. Wamngojee arushe ulimi, ambao hupita urefu wa mwili wake. Wakirudi kesho wamtafute tena. Huyo ndiye kinyonga wao wa kwanza: nyumba anayo, jua analo, maji anayo, na riziki yake inatoka kwa Aliyemuumba.

Mtoto akidumu na kazi hiyo kwa muhula mzima bila kuchoka, hapo ndipo mkae naye mzungumze habari ya kibali, mbao na wavu. Akichoka wiki ya pili, mshukuru kwamba hakuna kiumbe aliyekufa kwa sababu ya kuchoka kwake.

Tumeyasema haya tukiwa wa kwanza kukosea. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na awafanye watoto wetu kuwa wenye huruma kutuzidi sisi.

Wabillahi tawfiq.