Kipima presha cha susu kisifungiwe na kampuni moja

Wasee, mnakumbuka chaja ya Nokia, ile ya pini nyembamba? Ukiwa na simu ya kampuni nyingine, ulizunguka ploti nzima ukitafuta mwenye chaja kama yako. Siku hizi Type-C inachaji karibu kila simu mpya, na hakuna anayekuuliza umenunua ya nani.

Kwa vifaa vya afya, bado tuko enzi za pini nyembamba.

Septemba 2023 serikali ilizindua mikoba ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii. Ndani mna kipima presha na kipima sukari, na mhudumu ana simu ya kuandikia. Anapima, anasoma namba, kisha anaibonyeza kwa simu. Jua la Mutomo linawaka, hii ni nyumba ya kumi leo, 158 inaandikwa 185. Kesho au keshokutwa kifaa kitatuma kipimo chenyewe, na daktari atakiona akiwa mbali. Kitui ina zaidi ya kilomita 30,000 mraba. Mtu wa Tseikuru kwenda kupimwa Kitui mjini ni siku nzima imekwisha. Kwa hivyo naitaka hii kitu, sana.

Shida ni muuzaji. Atakuja na kifaa chenye programu yake na seva yake, pengine akupe cha kwanza bure. Tuseme Kitui inunue kwake na Makueni inunue kwa mwingine. Susu wa Ikutha, siku hizi akishika lami ya Kibwezi, anavuka Mto Athi kutibiwa upande wa Makueni. Yeye amevuka. Vipimo vyake vya miezi sita vimebaki ng'ambo, na daktari anaanza na karatasi tupu.

Dawa ipo: viwango vya wazi, yaani kanuni ambazo kampuni yoyote inaweza kuzifuata. Bluetooth ina kanuni ya jinsi kipima presha kinavyotuma namba. IEEE 11073 ni ya vifaa, FHIR ni ya rekodi za wagonjwa. Kampuni ikifunga duka, unanunua kifaa kingine na kazi inaendelea. Hata mwanafunzi wa SEKU pale Kitui anaweza kuandika programu ya kuvisoma.

Kuna wanaosema uwazi utaanika siri za mgonjwa. Zii. Kilicho wazi ni lugha, si presha ya susu. Hiyo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ni kweli kanuni hizi hazileti netiweki wala stima, kwa hivyo kifaa kiwe na uwezo wa kuhifadhi vipimo hadi netiweki ipatikane.

Sheria ya Afya Dijitali ya 2023 inataka mifumo iwasiliane. Lakini zabuni huandikwa Wote na Kitui mjini, na huko ndiko mambo huharibikia. Makueni inasifika kwa vikao vya umma vya bajeti. Nendeni, muulize maswali mawili tu: kandarasi ikiisha vipimo ni vya nani, na je, kifaa cha kampuni nyingine kitavisoma? Jibu liandikwe kwenye mkataba kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.